Pasi ya Mama Mkwe

Kodrai haipigwi pasi kwa nje. Kila fundi analijua hilo, na mimi ni fundi. Kitambaa kile chenye matuta ya mistari unakigeuza, unakilaza kifudifudi juu ya taulo nene, unakipiga pasi kwa mgongoni, basi. Mama mkwe si fundi. Mama mkwe ni msafi.

Koti la kodrai nililopewa kushona ndilo lilikuwa mtihani wangu. Mwenye duka la makoti aliniambia likimpendeza, nimepata cherehani ya kudumu dukani kwake. Lisipompendeza, niendelee kupunguza suruali za majirani sebuleni. Nikalishona kwa moyo wote. Matuta yalishuka wima kutoka begani hadi kwenye pindo, na viwiko niliviwekea viraka vya ngozi ya vipelevipele. Nikalitundika mlangoni, nikaenda kuoga.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa anakunja waya wa pasi, uso umemkunjuka kwa furaha.

“Nimekunyooshea, mwanangu,” akasema. “Lilikuwa na makunyanzi kila mahali.”

Kifua kizima cha koti kilikuwa kimelala bapa, kinang’aa kama makalio ya suruali kuukuu. Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakapata moto. Nikameza maneno, maana ni mama wa mume wangu, na pasi aliishika kwa mapenzi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi: hata wa kumlaumu sikuwa naye.

Nikampelekea mwenye duka hivyo hivyo. Alipitisha kidole kifuani mwa koti, kikateleza. Akanipa mpaka jioni matuta yawe yamesimama.

Nyumbani nikachemsha maji, nikalifukiza koti kwa ndani, nikalisugua kwa mswaki, nikalifukiza tena. Wapi. Nyuzi zilikuwa zimeungua. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia mama mkwe, na safari hii ningeyasema yote. Nikageuka. Alikuwa amepiga magoti kando ya meza, ameshika mswaki wake mwenyewe, anasugua polepole mfuko wa kifuani, macho yake mabovu yakikaribia kugusa kitambaa.

“Yanainuka, mwanangu?” akaniuliza. “Mimi siyaoni vizuri.”

Nikapitisha kidole. Kikateleza.

“Yanainuka, mama.”

Akaendelea kusugua. Mlangoni jirani alikuwa anapiga hodi, ana suruali ya kupunguzwa mkononi. Nikaenda kuipokea.