Posho ya Keria

Pale kiwanda cha magodoro, ukisikia fulani kapewa godoro, usimpe hongera. Lilikuwa neno la wafanyakazi wenyewe. Kila aliyeachishwa kazi kwa sababu mwili wake umegoma, aliondoka na haki zake, mkono wa kwaheri, na godoro jipya la sponji. Mkata sponji alipewa godoro masikio yake yalipoziba. Mchanganya gundi alipewa lake kifua kilipochoka na harufu. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyesukumwa nje. Ndiyo maana neno lile lilitisha. Utagombanaje na mtu anayekutandikia?

Bi Keria alilijua neno hilo kuliko wengine, maana lilikuwa likimnyemelea mumewe. Yeye alikuwa mshonaji wa mifuko ya magodoro. Mumewe, waliyemwita Fundi Kamba, aliyakunja magodoro yaliyokamilika na kuyafunga tayari kwa kupakiwa, na fundo lake halikuwahi kufunguka njiani. Kila asubuhi walikuja kwa baiskeli moja, mume akikanyaga pedali, mke amekaa upande kwenye keria, na hapo ndipo jina lake lilipotoka. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio la mumewe, na njia nzima alikuwa akinong'ona.

"Wapenzi hao!" mlinzi wa getini husema. "Nyie mmeoana jana?"

"Wivu utakumaliza," Bi Keria humjibu. "Nenda nawe ukatongoze."

Alichokuwa akinong'ona ni hiki: "Shimo, kulia kidogo. Mtoto anavuka. Nyoosha. Lori nyuma, usitoke." Na kila alipotaja shimo, mumewe alijibu, "Nimeliona."

Hakuwa ameliona. Presha ya macho ilikuwa imemla pande zote, akabaki anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, tena bomba lenye moshi. Daktari aliwaambia kwamba dawa italinda kilichobaki, lakini kilichokwenda kimekwenda. Mikononi hakuwa na shida. Kamba haihitaji macho. Njiani alikuwa na mkewe. Kiwandani alijua kila nguzo, na alitembea polepole kama mtu mwenye heshima zake. Siri ikakaa.

Kisha likabandikwa tangazo. Mkurugenzi alikuwa amechoshwa na wafanyakazi kuchelewa kwa foleni za magari, na pia alitaka watu wake wawe na afya. Tangazo lilisema kwamba kila mfanyakazi atakayepanda baiskeli kuja kazini atalipwa posho kila mwezi.

Chumba cha cherehani kikachemka. Aliyekaa cherehani ya jirani na Bi Keria alikuwa mwanamke aliyeitwa Kipaza, kwa sauti yake. Alilisoma tangazo, akapiga kofi mezani.

"Mwenzangu, wewe na mumeo mnapata posho mbili!"

"Mbili za nini? Baiskeli moja."

"Imeandikwa 'atakayepanda'. Wewe hupandi? Mtu akipanda basi, kwani ndiye dereva?"

Wanawake wakacheka hadi mashine zikasimama. "Kajifunga mwenyewe aliyeandika!" mmoja akapiga kelele.

"Niacheni jamani," Bi Keria akasema. "Mimi ni mzigo. Mzigo haulipwi."

Alicheka nao, lakini macho aliyarudisha haraka kwenye mshono. Mtu mwenye siri hapendi kuangaliwa, hata kwa wema. Kipaza hakulijua hilo, na hakuna wa kumlaumu. Wakati wa chakula alikwenda mwenyewe kwa afisa utumishi kumtetea mwenzake.

Afisa alikuwa kijana mpole. Alicheka hadi akafuta macho. "Mama, umenibana kwa Kiswahili," alimwambia. Naye akalibeba jambo juu, kwa moyo mzuri, na huko juu wakalitengeneza. Tangazo jipya likasema "atakayeendesha". Kila mtu na baiskeli yake. Kubebana marufuku, maana bima haimtambui aliye kwenye keria. Kwa kuwa hawakutaka Bi Keria akose, kiwanda kingemwazima baiskeli na kumfundisha. Na Ijumaa, kila mwenye baiskeli angeizungusha uani mbele ya wote, ionekane anaimudu.

"Hatutaki mtu aumie kwa ajili ya posho yetu," afisa alieleza. Angeweza mtu kulipinga hilo?

Nyumbani, Bi Keria aliweka sufuria chini bila kuipakua.

"Tuiache baiskeli. Twende kwa miguu."

"Miaka yote nimeendesha bure," mumewe akasema. "Leo inalipiwa, ndiyo niiache? Bibie, hata mbuzi ataniuliza kulikoni."

"Basi sema unaumwa goti."

"Watanipeleka kwa daktari wao. Ataanzia kwenye goti?"

Kila mlango waliousukuma ulikuwa na mtu mwema nyuma yake ameuegemea.

Mwishowe mume ndiye aliyepata wazo. Uani wangepanga mapipa, na baiskeli zingepita kati yake. Bi Keria asimame kwenye pipa la mwisho, akohoe. Yeye angekifuata kikohozi. Walijaribu kichochoroni, mke akikohoa kama mwenye pumu, mume akija moja kwa moja hadi gurudumu likamgusa sketi. Walicheka siku ile. Jirani alimletea tangawizi.

Ijumaa watu walijaa uani. Vijana wa upakiaji walizunguka mapipa kwa mbwembwe, mmoja akaachia usukani akapigiwa vigelegele. Bi Keria alikwenda kusimama kwenye pipa la mwisho.

Jina la Fundi Kamba lilipoitwa, alipanda kwa utulivu. Bi Keria akakohoa. Baiskeli ikageuka vizuri, ikalipita pipa la kwanza. Akakohoa tena.

"Fundi! Fundi!" Kipaza akaanza, na wote wakamfuata kwa makofi, kwa maana walimpenda yule mzee. Kelele ikajaa ua mzima. Bi Keria alikohoa hadi koo likachubuka, na yeye mwenyewe hakujisikia. Aliona gurudumu linaanza kuelekea ukutani.

"Kushoto!" akapiga kelele. "Kushoto!"

Watu wakaudaka mzaha. "Kushoto!" wakaimba upande mmoja. "Kulia!" wakajibu wa upande wa pili, wakipasuka mbavu. Hakuna aliyejua walichokuwa wakimfanyia.

Fundi Kamba akafunga breki. Akashusha mguu mmoja, akageuza kichwa huku na huku, akatulia akiwa ameutazama ukuta wenye magodoro yaliyopangwa. Aliyatabasamia.

"Bibie," akasema, "uko wapi?"

Mkewe alikuwa amesimama mbele ya macho ya wote, upande mwingine kabisa. Makofi yalikufa moja moja. Afisa utumishi alifika wa kwanza, akamshika mzee mkono kwa adabu, akamtafutia stuli.

Kipaza alimkamata Bi Keria mabega. "Nilitaka upate posho tu, mwenzangu. Posho tu!"

"Najua," Bi Keria akamjibu, na kweli alijua.

Hakuna aliyewafokea. Daktari wa kiwanda alimpima mzee, akaandika, akasema pole. Haki zake zilihesabiwa sawasawa. Bi Keria akabakizwa kwenye cherehani, na baiskeli aliyoazimwa ikamngoja ukutani, mpya, plastiki ingali kwenye tandiko.

Siku ya kuondoka, vijana wa upakiaji walileta godoro. Mmoja alitaka kulifunga.

"Nipeni kamba," Fundi Kamba akasema.

Akalikunja kwa goti, akalizungushia kamba, akavuta, akalifunga kwa fundo lake. Wakalipandisha kwenye keria ya baiskeli yake, mahali alipokuwa akikaa mkewe. Bi Keria akashika usukani kuisukuma kwa miguu, mumewe akafuata nyuma ameishika kamba. Getini mlinzi alifungua mdomo, halafu akafungua geti.

Walitembea. Mbele ya kona palikuwa na shimo lile lile la kila siku.

"Shimo," Bi Keria akasema. "Kulia kidogo."

Alingoja jibu la siku zote. Nyuma yake kamba ilikaza kidogo, mumewe alipohama upande, kimya.