Kompyuta Isiyozimwa

Siku hiyo, hata saa nane mchana haijafika, fundi alikuwa ameshasema maneno yale yale mara saba. Usiache chaja imechomekwa mwezi mzima. Usicheze gemu huku mashine imelala juu ya mto, itakosa pumzi. Betri ikifika asilimia themanini, inatosha. Wateja walitikisa vichwa, wakachukua kompyuta zao, naye alijua fika kwamba wakishatoka tu nje maneno yake yanabaki mlangoni. Hakuwalaumu. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi ile, shingo ilimuuma upande mmoja kwa kuinamia meza, na alishazoea kwamba wengi huja kwa fundi ili waambiwe hawana makosa.

Wa nane hakuwa mteja. Alikuwa kaka yake mkubwa, aliyeingia akikokota mguu wa kushoto, kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Waya wa chaja ulikuwa ukining'inia nyuma yake.

"Mdogo wangu," alisema huku akijiketisha, "pale pa kupapasia kidole pamegoma. Nabonyeza, pagumu kama ubao."

Fundi aliipokea, akaiweka mezani. Ikayumba kama kiti chenye mguu mmoja mfupi. Upande wa chini ulikuwa umebinuka na mfuniko umeanza kuachana na fremu.

"Betri imevimba."

"Imevimba vipi? Mimi sijaiangusha."

"Si lazima uiangushe. Kaka, tangu siku ile nilipokuja kwako kukupangia chaji, umewahi kuichomoa kwenye umeme?"

Kaka akaanza kusoma kalenda ya ukutani kana kwamba ina habari mpya.

Kompyuta ile ilikuwa ya mwanawe. Ilikuwa moja ya zile nzito zilizotengenezwa kwa ajili ya gemu, zenye vitufe vinavyowaka na feni zinazonguruma. Kijana alipopata kazi ya umekanika katika kiwanda cha mbali, aliko mpaka leo, alimwachia baba yake pamoja na gemu moja ya kuendesha malori. Hakukosea. Mzee alikuwa ameshika usukani wa malori ya masafa marefu miaka ishirini na minane, mpaka kiharusi kilipompokonya nguvu za mguu. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa raha. Kila Jumapili baba na mwana, aliyejinunulia mashine nyingine huko aliko, walikutana humo ndani ya gemu, lori la baba mbele, la mwana nyuma, wakipiga soga kwa vipokea sauti vya masikioni. Fundi akija kumtembelea, alimsikia kaka yake akicheka hadi jikoni, kicheko ambacho tangu augue walikuwa wameshakisahau.

Ni yeye fundi aliyeipanga mashine ile iache kuchaji ikifika themanini. Alimweleza kaka yake taratibu: ukicheza, chomeka chaja, maana gemu hizi hula umeme kama nini; lakini usiilazimishe betri ishibe mia kwa mia usiku na mchana huku inapikwa na joto. Kaka aliitikia kila neno. Wiki iliyofuata akauondoa ule mpango.

"Kwa nini uliuondoa?" alimuuliza sasa.

"Umeme ukikatika, ile ishirini ya juu ndiyo inayonibakisha hewani."

"Hewani kufanya nini?"

Fundi akafunua kifuniko ili aizime kabla ya kuifungua, akakuta inawaka. Kaka yake hakuwa ameizima hata njiani. Kwanza alitazama taarifa za betri. Ilikuwa imepoteza karibu nusu ya uwezo wake, na bado ilikuwa imechajiwa kutoka chini mpaka juu mara chache mno, kama mashine iliyonunuliwa juzi. Haikuchoka kwa kutumika. Ilichoka kwa kujazwa na kuwekwa.

Nyuma ya taarifa zile, gemu ilikuwa wazi. Lori jekundu lilikuwa limeegeshwa kwenye yadi, injini inanguruma, wala haliendi popote.

"Hili lori linakwenda wapi?"

"Haliendi. Nimeegesha."

"Tangu lini?"

Kaka alisugua goti lake. "Unaiona hiyo nukta ya kijani kwenye jina langu? Mwanangu akifungua kwake anaiona. Anajua baba yupo. Nikizima, nayo inazimika."

"Mara ya mwisho aliingia lini?"

"Ana kazi nyingi yule."

"Kaka."

"Miezi mitano," alisema, sauti ikiwa chini. "Lakini simu anapiga. Salama? Salama. Umekula? Nimekula. Basi. Sitaki kumng'ang'ania kijana, ana maisha yake. Nilisema akitaka, atanikuta."

Uchovu wa tangu asubuhi ulimshukia fundi mabegani kwa mpigo. Aliizima mashine, akafungua skrubu zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, akapenyeza kipande cha plastiki chini ya betri, akaiinua polepole, pumzi ameibana. Ilikuwa imetuna kama mto mdogo. Akaitumbukiza kwenye ndoo ya mchanga iliyokuwa nje ya mlango wa nyuma. Kaka yake alisimama akiangalia hadi mwisho.

"Nyingine itachukua wiki kufika. Niachie mashine."

"Haiwezi kuwaka bila betri? Si kuna chaja?"

"Inaweza. Umeme ukicheza kidogo tu, itakufia mikononi. Niachie, kaka."

Aliondoka akigeuka mara mbili, kama mtu aliyemwacha mgonjwa wodini.

Siku ya tatu asubuhi, fundi akiwa ndiyo kwanza anafungua duka, simu iliita. Alikuwa mtoto wa kaka yake.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Mbona mapema hivi?"

"Baba ana nini?"

"Kwani umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, ndiyo maana nauliza. Jina lake limezimika tangu juzi. Halijawahi kuzimika, shangazi. Nimeogopa kumpigia yeye, nikaona nianze kwako."

Fundi akakaa juu ya ngazi ya duka, funguo bado ziko mkononi.

"Kumbe ulikuwa unaliona."

"Kila siku. Nikiamka lipo, nikitoka kazini lipo. Mwanzoni niliingia mara mbili, nikakuta lori limeegeshwa, namsemesha hajibu."

"Huenda alikuwa jikoni, au amesinzia kitini."

"Mimi nikajua ameiacha inawaka tu. Au ana wenzake anaocheza nao siku hizi. Nikaona nisimsumbue."

Fundi alitamani kukasirika, lakini hasira nayo inataka nguvu, na nguvu hakuwa nazo. Akamwambia kama mambo yalivyo: kwamba baba yake ameketi mbele ya mashine ile miezi mitano akimngoja yeye, na kwamba ameichoma betri mpaka ikavimba kwa kuogopa kuonekana hayupo.

Upande wa pili kukasikika mtambo fulani ukizunguka mbali.

"Sikujua, shangazi."

"Hakuna aliyejua. Mpigie simu. Achana na gemu kwanza."

"Nimwambie nini? Tukipigiana tunaishiwa maneno."

"Muulize betri ilivimbaje. Huyo ataongea saa nzima."

Kumbe waliongea saa nzima na robo. Fundi aliyapata hayo Ijumaa ya wiki iliyofuata, alipompelekea kaka yake kompyuta ikiwa na betri mpya. Alimkuta ameshaufukuza mto aliokuwa akiilaza mashine juu yake, mahali pake ameweka kibao alichokitoboa mwenyewe matundu ya kupitisha hewa. Baba na mwana walikuwa wameafikiana: Jumapili saa kumi, baada ya hapo kila mtu na shughuli zake.

Fundi akaurudisha ule mpango wa themanini. Safari hii hakueleza kitu, hakuwa na mate ya kurudia. Kaka ndiye aliyeuliza.

"Nikikaa wiki bila kucheza, niiache imejaa?"

"Iache nusu, uizime."

"Inazimwa vipi? Sema tu, sijawahi."

Alimwonyesha. Kaka akabonyeza kwa kidole kimoja, feni zikapunguza sauti, zikanyamaza. Walikaa wakisikiliza chumba ambacho kwa miezi hakikuwahi kuwa kimya.

Jumapili ile kijana alichelewa dakika arobaini. Fundi, aliyekuwa amekuja kwa kisingizio cha kuikagua betri, alimtazama kaka yake akiangalia saa, akiiweka chini, akiichukua tena. Kijana alipofika, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya. Waliendesha nusu saa hivi, si zaidi. Alisema samahani, mgongo unamuuma, ametoka zamu mbili mfululizo. Baba akamwambia akalale.

"Jumapili ijayo?" kijana aliuliza.

"Ukiweza. Usipoweza, nipigie uniambie hutaweza. Hilo tu."

Akavua vipokea sauti, akazima mashine bila kusaidiwa, akachomoa chaja, akaukunja waya vizuri na kuuweka mezani. Kisha akamtazama dada yake, ambaye kichwa kilikuwa kimeanza kumwangukia kifuani.

"Umechoka."

"Nimechoka sana, kaka."

"Na mimi. Lakini daktari alisema mguu huu utembee. Nisindikize mpaka kona ile tu."

Fundi alijiinua kitini kwa shida. Wakatoka, yeye akipunguza hatua ili zilingane na za kaka yake, na kwa vile jua lilikuwa bado lipo, walipofika kwenye kona walipitiliza kidogo.