Diski ya Tatu Haiingii Sandukuni

Mama Chanjo alikataa kabla shemeji yake hajamaliza sentensi.

"Hapana."

"Shemeji, hata sijaeleza."

"Umesema diski mbili ndani ya sanduku moja. Nimesikia. Hapana."

Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, ukoo mzima ulimwita Injinia kwa sababu alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta na hakuna aliyewahi kumwomba cheti. Aliliweka sanduku jeusi juu ya meza ya sebuleni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Lilikuwa na taa nne za buluu. Chini ya televisheni, ndani ya kabati, seva ya zamani iliendelea na kazi yake. Ilikuwa kompyuta ya mtumba isiyo na kioo, iliyogawa filamu na sauti kwenye televisheni na simu za nyumba nzima. Ila diski yake ilikuwa imeanza kugonga. Tik. Kimya. Tik, tik. Hata asiyejua kompyuta aliusikia mlio ule akajua hapo hakuna uzima.

Na ndani ya diski hiyo ndimo ilimokuwa sauti ya mumewe.

Mumewe alikuwa mshereheshaji, na mjini hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Miaka ishirini alishika kipaza sauti kwenye harusi za watu, akachekesha wazee, akatuliza walevi, akawaliza mama za mabibi harusi. Halafu uvimbe ukaota kooni. Madaktari wakaukata, na sauti ikaenda nao. Sasa alitembea na ubao mdogo mweupe uliomning'inia shingoni kwa kamba, na kalamu ya kufutika mfukoni. Binti yao, kitindamimba, wakati ule alikuwa na miaka miwili. Sasa alikuwa na sita, na sauti ya baba yake aliijua kwenye televisheni tu. Kila siku akirudi shule alichagua harusi moja ya kutazama, kama watoto wengine wanavyochagua hadithi.

Rekodi hizo zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Kwingine hazikuwapo.

"Nisikilize, shemeji," alisema Injinia. "Hizi ni diski pacha. Kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile, papo hapo. Moja ikifa, nyingine inashika. Si wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa?"

"Vidole viwili vya mkono mmoja, mkono ukikatwa vyote vimekwenda. Mwizi akibeba sanduku, atakuachia pacha mmoja wa kumbukumbu?"

"Aah, shemeji!"

"Na mtoto akifuta harusi kwa bahati mbaya?"

"Inafutika kote."

"Papo hapo?"

"Papo hapo," alijibu Injinia kwa fahari, kisha akasikia alichosema, akakohoa.

Mama Chanjo hakujifunza hayo kwenye kompyuta. Alikuwa na stashahada ya famasia na alitunza stoo ya chanjo kwenye zahanati, ndiko jina lilikotoka. Stoo ile iliwahi kuwa na majokofu mawili, moja la kazi na moja la akiba, na kila mkubwa aliyepita alilisifu lile la akiba. Yote mawili yalichomekwa kwenye soketi moja. Soketi iliungua Jumamosi. Jumatatu akakuta chanjo zina joto la chai iliyosahauliwa mezani. Alizitupa kwa mikono yake, chupa moja moja, huku akina mama wakisubiri kwenye benchi nje na watoto mapajani. Tangu siku hiyo mtu akimwambia "ipo ya akiba", yeye huuliza imechomekwa wapi.

"Turudishe sanduku, tuchukue diski tatu za kawaida," alisema. "Moja kwenye seva, moja kwenye droo, moja kwa dada yangu."

"Hizo za kuzunguka? Shemeji, ni za kizamani. Hizi za chipu zina mbio."

"Mbio za kwenda wapi? Harusi haikimbii."

"Basi nakala ya tatu tuiweke mtandaoni."

"Kwa mtandao wa mtaa huu? Tutamaliza kupakia siku kitindamimba anaolewa."

Mshereheshaji alicheka. Kicheko chake siku hizi kilikuwa cha mabega tu. Kisha akachukua kalamu, akaandika, akaugeuza ubao: MDOGO WANGU ANAIJUA KAZI YAKE.

Mama Chanjo alisoma mara mbili, ingawa ya kwanza ilitosha.

"Sawa," alisema. "Na mimi naijua yangu."

Sanduku likabaki, rekodi zikahamishiwa humo, na ile diski ya kugonga ikatupwa. Lakini Jumatatu, akitoka kazini, alipita dukani akanunua diski moja, kubwa, nzito, isiyo na taa hata moja. Akanakili kila kitu. Akaifunga ndani ya kikopo cha plastiki cha chakula, akabandika karatasi yenye tarehe kama anavyobandika kwenye maboksi ya stoo, akaipeleka kwa dada yake upande wa pili wa mji. Ikalala kabatini katikati ya mashuka. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi aliifuata, akaongeza rekodi na picha mpya za nyumbani, akafungua harusi tatu bila kuchagua na kuzisikiliza hadi mwisho, kisha akairudisha. Akiba usiyoifungua ni tetesi. Huo ulikuwa msemo wake, na dada mtu alikwisha kuuchoka.

Injinia hakuacha kumtania. "Harusi zimerudi likizo?" aliuliza kila akikiona kikopo. "Zimenenepa?"

"Cheka tu, shemeji. Meno ni yako."

Mwezi wa tano, Jumapili mchana, Mama Chanjo aliingia nyumbani na kikopo mkobani akakuta wageni. Mtu na mkewe, wenye studio ya picha, walikuwa wamekaa kwenye kochi na soda mikononi. Injinia alikuwa amewaleta waone sanduku likifanya kazi, kwani nao walitaka la kwao. Kwenye televisheni harusi ilikuwa inaendelea, na Mshereheshaji wa zamani, kijana na mwenye tai, alikuwa anamsimanga bwana harusi kwa kuchelewa. Mshereheshaji wa sasa alikuwa amesimama mlangoni na ubao wake, akijitazama. Kitindamimba alikuwa amekaa sakafuni, karibu mno na kioo kama kawaida yake.

"Afadhali umefika," alisema Injinia. "Nataka niwaoneshe wageni nikichomoa diski na kuingiza mpya. Ya kwangu iko garini, mbali huko. Nipe hiyo yako ya likizo."

"Sitoi."

Mke wa mwenye studio alishusha chupa ya soda. Injinia akacheka peke yake.

"Ni dakika tano tu, shemeji. Hailiwi."

"Hata nusu dakika. Ya kwako iko garini, miguu unayo."

Mshereheshaji aliandika upesi akaugeuza ubao. Maneno hayakuwa mengi. MPE.

Mbele ya wageni. Masikio yakamwaka moto Mama Chanjo. Alijua hesabu yote ya aibu: shemeji kanyimwa, mume kakataliwa, na kesho ukoo mzima utakuwa na la kusema. Akaubana mkoba kwapani.

"Ukitaka kuniandika kwenye ubao, niandike vizuri," alimwambia mumewe. "Andika: amekataa."

Injinia alitoka akaifuata diski ya garini, akarudi anatweta. Mgema alikuwa amekwisha kusifiwa. Alichomoa diski ya juu huku harusi ikiendelea, na wageni wakapiga makofi. Akaingiza ile mpya, tupu. Swali likatokea kwenye televisheni: diski ipi inakiliwe, ya juu au ya chini? Injinia alikuwa amewageukia wageni, anaeleza. Kidole chake kikabonyeza ya juu.

"Bwana harusi, hebu simama watu wakuone," ilisema sauti kwenye televisheni, "maana huyu mke tulidhani—"

Kioo kikawa cheusi.

"Baba kanyamaza," alisema kitindamimba.

Sanduku lilikuwa linatii. Lilikuwa limeinakili diski tupu juu ya diski iliyojaa. Bado Injinia alikuwa na ile aliyoichomoa, iko mkononi mwake, nzima, yenye harusi zote. Angeiweka mfukoni akaenda zake, yangeishia hapo. Lakini wageni walikuwa wanamtazama. Akaitoa ile tupu ya juu, akaisukuma hiyo ndani haraka, sanduku likauliza kama iandikwe upya ifanane na ya chini, naye akabonyeza ndiyo kabla ya kusoma. Taa za buluu zikawaka zote nne. Sasa sanduku lilikuwa na pacha wawili watupu, waliofanana kabisa.

Mwenye studio alimgusa mkewe goti, wakaaga kama watu wanaotoka msibani.

"Kuna mafundi wa kuokoa," alisema Injinia. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Labda..."

"Labda," alisema Mama Chanjo.

"Shemeji. Hiyo yako. Nipe niiingize hapa, nusu saa kila kitu kinarudi."

"Hii haiingii kwenye sanduku lako. Leo haiingii, kesho haiingii. Ndiyo pekee iliyobaki. Kwanza inapata nakala mbili kwenye diski mpya, nyumbani kwa dada, kwa mkono wangu. Ndipo tutaongea habari za kurudisha."

Hakusema nimekwambia. Lakini rekodi za mwezi mmoja zilikuwa zimepotea, kwa sababu alikuwa bado hajaongeza mapya kwenye diski yake. Humo mlikuwa na filamu ya kitindamimba anayumbisha jino lake la kwanza hadi likadondoka kwenye bakuli la uji. Hiyo hairudi, na alimwambia Injinia hivyo hivyo, bila kupunguza.

Mshereheshaji alikuwa bado mlangoni. Aliinamisha macho kifuani. MPE ilikuwa ingali pale, kubwa, kwa mwandiko wake. Alivuta mkono wa shati, akafuta, akasugua hata pasipo na wino. Akaandika tena, akaugeuza ubao kumwelekea mdogo wake.

ASIKUPE.

Kisha akachukua funguo za gari mezani akamfungulia mkewe mlango.

"Mama, baba wa kwenye televisheni yuko wapi?" aliuliza kitindamimba.

"Kwenye mkoba. Vaa viatu."

Injinia alisimama katikati ya sebule, hana pa kuweka macho. "Shemeji, na mimi nije? Nikusaidie kunakili?"

Mama Chanjo alimpima kutoka juu hadi chini, kama anavyopima boksi la chanjo lililofika bila barafu.

"Njoo," alisema. "Utakaa nyuma na mtoto. Mikono mfukoni."