Kitambaa cha Manjano Nyuma ya Lango

…mwaka mmoja tu, ndivyo alivyosema Traudel, soseji iko mdomoni, tena anacheka, "Nilipanda mwaka ule wa kwanza tu, mdogo wangu, ile ngazi ya jukwaa ilinimaliza, na baridi ya Berlin unaijua mwenyewe," na Irmgard amesimama chini ya Lango la Brandenburg, kiganja kwenye nguzo, nguzo alizozitazama kwa mbali tangu ukuta ulipojengwa kuukata mji na leo, ukuta umefunguliwa, anazigusa, kila mtu anazigusa, mwaka mmoja tu, na ile miaka mingine je, kila Jumapili ya Pasaka yeye na mama kwenye kizuizi cha mashariki, mama na miguu yake iliyovimba, askari anawatolea macho, na kule magharibi, nyuma ya lango, juu ya jukwaa la mbao, kitambaa cha manjano kinapepea, kama walivyokubaliana, manjano ili tukujue, "Yule pale, Irmi, mwanangu hajanisahau," mama analia huku anapunga taulo jeupe… "Lakini tulikuona, dada." "Mimi? Pasaka nani hana kitambaa cha manjano? Mlikuwa mnampungia mke wa mtu!" na kicheko kilekile cha utotoni, Mungu wangu, mama alikufa akisema mwambie Traudel nilimwona, na Irmgard amelitunza neno hilo, amelileta hapa leo kama zawadi, alikuwa anatafuta tu pa kuanzia, sasa ampe nani, damu nzito kuliko maji, wapi, dada kashindwa na ngazi, ngazi!, inauma, inauma kuliko ukuta, ukuta haukuwahi kumwita mdogo wangu… ila kuna mtu alipanda, Pasaka hadi Pasaka, mvua na upepo, mtu mwenye jamaa zake upande huu, na labda hao jamaa hawakuja, akaona taulo la mama akalijibu, labda naye alijidanganya, labda alijua na bado akapunga… "Irmi, hebu geuka, punga mkono, mpiga picha anatusubiri!" na soseji bado haijaisha, na watu bado wanazigusa nguzo, Irmgard anainua mkono, kamera anaipa mgongo, anapunga kule lilikokuwa jukwaa, polepole, kama mama, aliniambia nimwambie, basi nakwambia wewe, nani sijui, mama alikuona…