Matundu Yapo

Tangu dada yake aanguke jikoni na kulazwa, fundi wa mtandao alikuwa akienda kazini kama mtu aliyetumwa. Daktari alisema dada hana ugonjwa, amechoka tu, na akichoshwa tena hatainuka. Fundi aliyasikia hayo, asilie wala asikasirike. Ganzi tupu, kama mkono uliolaliwa.

Leo alikuwa amekaa sakafuni kwenye ofisi aliyoifungia waifai mwenyewe. Vifaa vya kurushia waifai, vilivyofungwa darini, vilipata umeme kupitia waya uleule wa mtandao, kutoka swichi moja, kisanduku chenye matundu ya kuchomekea waya, iliyokuwa kabatini. Asubuhi, ofisi ikiwa tupu, vyote viliwaka. Wafanyakazi wakishaingia na simu zao, vifaa vilizidisha kula umeme, na swichi, ili isizidiwe, ikakikatia cha mwisho. Cha mwisho kilikuwa juu ya meza ya mhasibu, ambaye alikuwa akilalamika kwa upole wa kutisha.

Meneja akaja, akachungulia kabatini. "Mbona matundu bado yapo, fundi? Tena mengi. Mimi nilitaka tuongeze kifaa kingine kule chumba cha mikutano."

"Matundu yapo, bosi. Umeme ndio umekwisha. Wati za swichi hii hazitoshi hata kwa hivi vilivyopo."

"Sasa nani alipanga hivi?"

"Mimi. Nilihesabu matundu."

Meneja alikuwa mtu wa utani, hakugomba. "Yaani umealika wageni kwa kuhesabu viti, sufuria hukuitazama."

Fundi akatabasamu kwa sababu ilipasa kutabasamu. Simu yake ikaita. Alikuwa kaka yao mkubwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Dada yetu ameruhusiwa, tumshukuru Mungu. Sasa, suala la Mama. Naona ahamie kwa dada. Kile chumba cha nyuma si kipo wazi?"

Fundi akaitazama swichi kabatini. Kwa dada walikuwa wakiishi mapacha wa kaka, shemeji aliyekosa kazi, na mtoto wa fundi mwenyewe, aliyepelekwa kwa muda mama yake alipofariki, na muda ukageuka miaka. Kila alipopelekwa mtu, neno lilikuwa hilohilo: chumba kipo. Naye dada hakuwahi kukataa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Uko hapo?" kaka akauliza.

"Nipo. Mama asiende kwa dada, kaka. Tutamtunza wewe na mimi, kwa zamu. Na leo nikitoka kazini nakwenda kumchukua mwanangu."

"Umlaze wapi? Wewe una chumba kimoja."

"Kimoja, ndiyo. Nafasi ni finyu. Ila mimi nguvu ninazo."

Kaka akasema watazungumza.

Fundi akarudisha simu mfukoni. Akamwambia meneja kwamba itabidi iletwe swichi yenye umeme zaidi, na kwamba hata hiyo hataijaza, ataiachia pumzi. Meneja akasema sawa, akaenda zake.

Alipoinama kukusanya vifaa vyake, akamkumbuka dada alivyokuwa akila amesimama, sahani mkononi, kwa kuwa viti vyote vilikuwa na watu. Hapo ndipo ganzi ilipoanza kumtoka, na iliuma.