Isale la Mtihani

Jumatatu asubuhi Mwalimu Ebenezeri aligawa karatasi za hesabu za mtihani wa majaribio, akafuta ubao kwa kiganja kwa sababu kitambaa kilikuwa kimeibwa tena, akaketi chini ya picha ya Mfalme wa Uingereza. Mfalme mwenyewe alikwisha kufa tangu Februari, lakini Malkia alikuwa bado hajapanda kufika Kirua Vunjo. Watoto wa darasa la nne waliinamisha vichwa. Eunike alipoinamisha chake aliona kwamba namba zote kwenye karatasi yake zimempa mgongo.

Aliweza kuzitambua kwa visogo. Saba ilikuwa imeinama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu chini. Tano ilikuwa na tumbo upande usio wake. Sifuri tu ndiyo haikujulikana imegeuka au haijageuka. Jasho jembamba likamtoka, tumbo likamkata, na jedwali la tisa, ambalo jana yake alilisema lote bila kukwama, likapotea kichwani. Akanyoosha mkono.

Mwalimu alikuja, akavaa miwani, akainama.

"Kweli zimegeuka," alisema. "Umezifanya nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Zenyewe zinajua. Nenda kayamalize nyumbani, uje Jumatatu nyingine."

Akamwandikia sifuri, maana hiyo ndiyo iliyokubali kuandikwa.

Sasa, mtu anaweza kusema mtihani wa majaribio ni majaribio tu, mtoto atulie. Maneno hayo huyasema mtu aliyekwisha kufaulu. Mtihani wenyewe ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na shule ya wasichana ya bweni ilitoa nafasi moja kwa vijiji vyote vya upande ule. Wavulana walipewa zaidi, kwa sababu wavulana, ilisemekana, wana mahali pa kuyapeleka masomo. Baba yake Eunike alikwisha sema wazi: akiipata nafasi ataenda, asipoipata atakata majani ya ng'ombe mpaka aje mchumba. Na mchumba alikwisha anza kuulizia. Alikuwa mgane mwenye jino la dhahabu na ng'ombe wazuri. Eunike hakutaka ng'ombe wazuri, alitaka kuwa mwalimu, na alilitaka jambo hilo hadi kifua kikamuuma.

Kusoma alisoma. Jedwali la sita alilisema akishuka tambarare kufuata majani, la tisa akipanda na mzigo kichwani. Mama yake alimpikia mtori na kumkataza kuwaza. Jirani alimletea yai bichi. Mchungaji aliliombea tumbo lake kwa jina, akiwa hajui lina shida gani. Jumatatu iliyofuata namba zilikuwa zimegeuka vilevile, safari hii zikiwa zimesogea hadi ukingo wa karatasi.

Bibi yake alikuwa akimenya ndizi wakati Eunike aliporudi analia.

"Wewe huuogopi mtihani," bibi alisema. "Umeukosea. Mtu akimkosea mwenzake, ndivyo tumbo linavyokuwa. Umefanya nini?"

Eunike akasema kwamba wakati wa mvua kuni zilikataa kushika, naye akachana ukurasa wa hesabu za sehemu kwenye kitabu cha hesabu akawashia moto. Tena siku moja, mferejini, aliwaambia wasichana wenzake kwamba hesabu ni kazi ya watu wachoyo.

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu, Bibi."

"Eeh! Na wewe unataka zikuangalie usoni?"

Uchaggani dawa ya jambo kama hilo inajulikana. Aliyekosa huchuma jani la isale kwenye ua wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, hulifunga fundo, na humtuma mzee alipeleke kwa aliyekosewa. Aliyekosewa anaweza kununa anavyotaka, lakini jani likishawekwa mbele yake hana ruhusa ya kukataa. Watu wamesameheana damu kwa jani hilo. Basi akaitwa Mzee Eliezeri, ambaye alikuwa na sauti nzuri na hakuwa na kazi siku hiyo.

Alifika shuleni asubuhi amevaa koti, na isale mkononi, na kibuyu cha maziwa. Kwa kawaida ingekuwa mbege, lakini Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka namba zilewe. Wakaiweka karatasi ya hesabu juu ya meza. Mzee Eliezeri akalaza isale juu yake.

"Huyu ni mtoto," alisema. "Amewachoma moto, amewatukana mferejini. Hana la kujitetea. Tumekuja."

Darasa likangoja. Moja iligeuka kwanza, haina makuu. Zikafuata mbili na tatu. Nane ilichelewa sana, mpaka Mzee Eliezeri akakohoa. Mwishowe zote zikawa zimemwelekea Eunike, na maziwa ndani ya kibuyu yakawa yamepungua.

Toka siku hiyo tumbo lilitulia. Majaribio yaliyofuata alipata yote. Bila shaka darasa zima likaiga, na ua wa masale wa Mwalimu ukanyofolewa hadi mbuzi wakaanza kupita. Haikuwasaidia. Namba ziliwapokea watoto wale vizuri, zikawasamehe kila kitu, nao wakabaki hawajui jibu, kwa sababu shida yao ilikuwa kutosoma.

Elinipendo, binti wa karani wa kamati ya shule, hakupeleka isale lolote. Hakuwa amezikosea namba kitu. Alikuwa hajawahi kuzungumza nazo.

Mtihani wenyewe ukaja na gari kutoka Moshi, ndani ya bahasha yenye lakiri, pamoja na Mzungu wa kuulinda. Eunike aliufungua mikono ikiwa mikavu. Namba zilikuwa zimepangwa mbali, na watu wasiojua isale, lakini habari zilikuwa zimezifikia. Zilimwamkia kabla hajashika kalamu. Alimaliza mapema akakaa anatazama ng'ombe dirishani. Elinipendo aliandika jina lake vizuri sana, na tarehe.

Mwalimu Ebenezeri alimwambia Eunike kanisani kwamba amekuwa wa kwanza. Mama yake akamnunulia kitambaa cha gauni. Kitambaa kilikaa sandukuni, na Eunike alikifungua kila siku kukinusa.

Kisha jioni moja, mama akiwa anakamua, mtihani ukaja. Ulipanda njia ya migombani polepole, karatasi ile ile ya Eunike, na majibu yake, yote yamepigwa alama nyekundu za vema. Mzee Eliezeri alitangulia mbele yake amevaa koti. Ulikuwa umeshika jani la isale lililofungwa fundo. Uliposogezewa kigoda haukukaa.

"Karibuni," baba alisema.

"Tumekaribia," alisema Mzee Eliezeri, na hakumtazama mtu. "Mtihani huu umenituma. Unasema umekosa. Nafasi kamati imempa Elinipendo. Unasema ulikuwepo mezani wakati wanaamua, majibu ya Eunike na ya yule mwingine yakiwa wazi mbele yao, na haukuweza kusema neno. Unaomba radhi."

Mama alisimama na kibuyu mkononi. Bibi alisema "Yesu wangu" mara moja. Kila mtu akamgeukia Eunike, maana isale lilikuwa limelazwa miguuni pake.

"Kwa nini hakuja karani mwenyewe?" aliuliza.

"Karani hajasema kwamba amekosa," alisema Mzee Eliezeri.

Eunike alitaka kulikanyaga jani lile. Alitaka kuchana karatasi ile na kuwashia moto, na safari hii angejua anachofanya. Lakini ilikuwa inatetemeka mlangoni, namba zake zimeinama, na isale halikataliwi. Zenyewe hazikumkatalia.

Akaliokota. "Nimesamehe," alisema, huku machozi yanamtiririka.

Mtihani ukanywa maziwa kidogo, ukashukuru, ukasindikizwa hadi njia panda. Kitambaa cha gauni kikauzwa kwa jirani.

Januari, Eunike akiwa anashuka kufuata majani na kamba begani, alikuta lori limesimama barabarani. Elinipendo alikuwa amekwisha panda na sanduku lake la bati, uso umemvimba kwa kulia, kwa sababu alikuwa amefungua kitabu na namba zote zilikuwa zimetazama kwingine. Baba yake alikuwa anafunga turubai.

"Shikamoo, Bwana Karani," alisema Eunike.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umesamehe. Umefanya jambo la maana sana."

"Nilisamehe mtihani."

"Ndiyo hilo hilo," alisema karani, akampigapiga begani, akapanda mbele pamoja na dereva.

Lori likaondoka. Eunike akashuka tambarare akisema jedwali la tisa, kwani hakuna aliyemwambia aache, na namba zikafuatana naye njia nzima, zimemtazama usoni.