Kiraka Kibichi

Lori la Kanyamibwa, tajiri wa ng'ombe, lilianguka korongoni Jumanne, kwenye mteremko chini ya Kirolirwe, na mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya magunia alikufa. Gurudumu la mbele lilikwisha upepo ghafla. Kufika jioni kila mtu sokoni alijua kwamba kiraka kiliwekwa na Faustin Tuyizere.

Faustin alikuwa kwado, fundi wa kuziba mipira ya magari. Miaka kumi na tisa kando ya barabara ileile. Hakungoja kuitwa. Jumatano asubuhi alishuka korongoni na kisu, akauvuta mpira wa ndani chini ya chuma kilichopinda, akakata kipande chenye kiraka na kukitia mfukoni. Mlinzi wa lori alikuwa anaota moto. Alimtazama, hakusema kitu. Hilo halikumpendeza Faustin. Mlinzi akikuona unakata mali ya bwana wake asiulize, basi ameambiwa aangalie tu.

Nyumbani alikiweka kipande mezani mbele ya mke wake, Emérita.

"Gusa hapa pembeni. Sasa gusa katikati."

Pembeni palikuwa pagumu. Katikati ukucha uliingia, ukaacha alama, na alama ikabaki.

"Inanata," Emérita alisema.

"Haikuiva. Mpira mubichi unauweka mu presi, unakaza, unawasha petroli mu pistoni muzee ya moteri juu yake, kama mu kikombe. Ile moto inaamsha salfa yenye iko ndani. Salfa njo inashona mpira, kama kamba. Inaomba dakika makumi mbili na tano. Dusabimana, ule shofere wa lori, alifungua presi kwa dakika kumi."

"Na wewe ulimwacha?"

"Nilimukataza. Akaniwekea telefone ku sikio. Kanyamibwa alikuwa anabweka ndani: mutoke pale, ao munataka magunia ioze?"

Emérita alifuta ukucha kwenye kitenge chake.

"Papa Faustin, kesho mbele ya shefu sema ni mambo ya Mungu. Barabara mubaya, tairi muzee. Ile ya salfa uiache hapa."

"Niseme uongo, na ukweli iko mu mufuko?"

"Kanyamibwa alikuja hapa mara tatu juu ya shamba letu. Anataka ng'ombe zake zipite, zifike ku maji. Ule muntu hana haja ya kujua mpira inaiva je."

Faustin alimtazama. Kwa muda mfupi alijiuliza nani alikuwa amezungumza na mke wake.

Alhamisi walikaa uani kwa shefu, mkuu wa eneo. Ndugu za marehemu walikuwa upande wa kushoto, na kaka yake Hakorimana mbele yao. Faustin alipewa benchi. Kanyamibwa alipewa kiti, na kiti kiliwekwa karibu na cha shefu kiasi kwamba waliweza kunong'onezana bila kuinama.

"Papa Faustin," shefu alisema. "Ile kiraka iko yako?"

"Iko yangu, shefu."

Akakitoa. Kipande kikapita mkono kwa mkono, na kila mtu akakibonyeza. Watu walikuwa wanamsikiliza. Hakuna aliyewahi kumuuliza Faustin kazi yake inafanyika vipi, na sasa watu arobaini walikuwa wamenyamaza, naye akasema yote: salfa, moto, dakika.

"Mpira ikiisha kuiva hairudi tena kuwa mubichi. Hata uichome, itakuwa majivu, haiyeyuke. Donc huu ubichi haukutoka mu ajali. Ulikuwa pale tangu presi ilifunguliwa mbele ya saa. Nani aliifungua? Muulize shofere."

Dusabimana alisimama, mkono wa kuume umefungwa kwa kitambaa. Alikuwa anatazama viatu vya Kanyamibwa.

"Mimi niko shofere tu. Fundi aliniambia iko bon, nikaenda."

"Dusabimana! Si ni weye uliniwekea telefone ku sikio?"

"Telefone gani? Mambo ya mpira ni ya fundi. Mimi salfa ningeijulia wapi?"

Watu walicheka. Kanyamibwa hakucheka. Alingoja kicheko kiishe, kisha akasema polepole, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma.

"Muzee shefu, mimi sikusoma hii chimie ya Papa. Nimesikia kitu moja tu. Amesema kiraka ilikuwa mubichi. Alijua, na gari ikaenda na bantu juu. Tena jana asubuhi alishuka kukata mpira wangu. Muntu hana kosa, anatafuta nini mu korongo na kisu?"

"Ulijua iko mubichi?" shefu aliuliza.

"Nilijua, lakini nilimwambia shofere..."

"Alijua," shefu alimwambia mwandishi wake. Mwandishi akaandika.

Hakorimana alikuwa amesimama. Hakupaza sauti.

"Ulimwambia shofere. Na Murekatete, dada yangu, ulimwambia?"

Faustin alikuwa amemwona akipanda. Alikuwa amempandishia mfuko wake wa mihogo.

Shefu alikata neno: Faustin atoe ng'ombe mmoja kwa familia. Faustin hakuwa na ng'ombe. Kanyamibwa akasema Faustin asisumbuliwe, yeye atamtolea, watamalizana baadaye kwa njia ya ujirani. Watu wakapiga makofi. Karatasi ya ujirani ilikuwa tayari imeandikwa, kwa wino usio wa mwandishi wa shefu. Faustin aliisoma mara mbili, akatafuta uso wa Emérita katikati ya watu, akamwona amegeukia mlima. Akatia dole gumba.

Presi ilikuwa na dakika kumi na tano zaidi za kungoja. Hazikungojwa. Zimegharimu haya.

Murekatete, miaka thelathini na moja. Watoto wake watano, wa mwisho bado ananyonya, walipata ng'ombe mzee aliyekauka maziwa. Mkono wa kuume wa Dusabimana haukunyooka tena, na mwezi uliofuata lori jipya lilipewa shofere mwingine. Faustin na Emérita: shamba lote la mlimani, kutoka barabarani mpaka kijitoni, pamoja na maharage yaliyokuwa yametoa maua, presi moja na pistoni tatu, zilizobebwa na mlinzi wa lori siku ileile.

Kanyamibwa: ng'ombe mmoja, yule yule.